Mrehani wa Kufika Kiunoni: Mwongozo Kamili wa Kupanda na Kutunza Mrehani Mombasa

Haipiti wiki bila mtu kuniletea mrehani ndani ya kopo na kuniuliza umeingiwa na nini. Nimeona mingi sasa, na mingi hufa kwa njia tatu tu. Miche midogo hulala chini usiku mmoja, asubuhi unakuta shina limenyong'onyea usawa wa udongo. Au majani huungua kingoni, yakawa kahawia kama yaliyopitishiwa moto, kisha yakapukutika. Au mche hurefuka kama ufito mmoja, ukatoa maua kileleni, na baada ya wiki chache ukabaki kijiti kikavu.

Kifo cha kwanza hutokana na kusia vibaya. Cha pili hutokana na maji ya chumvi. Cha tatu hutokana na mwenye mche kuuonea huruma asiukate. Jua la Mombasa, ambalo kila mtu hulilaumu, mara nyingi halina kosa: mrehani ni mmea wa joto, unataka jua saa sita kwa siku, na ukitunzwa hufika kiunoni.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaoshindwa huanzia katikati.

## Vitu vya kutayarisha

Weka vyote tayari kabla ya kugusa mbegu.

- Mbegu, kijiko kimoja cha chai. Zinatosha na kubaki.
- Chombo cha kusia: beseni pana au karai kuukuu lenye kina cha vidole vinne, lililotobolewa chini.
- Chombo cha kukulia: ndoo ya lita 10 kwa kila mche, au mtungi wa lita 20 uliokatwa juu. Toboa matundu sita au manane chini, kila moja likipitisha penseli.
- Udongo mwekundu, uliochekechwa.
- Mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi.
- Samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mitatu au zaidi, imekuwa nyeusi na haina harufu kali.
- Usumba wa makumbi ya nazi, umeloweshwa maji matamu (yasiyo na chumvi) usiku kucha na kukamuliwa mara mbili. Makumbi mengi ya hapa yameloweshwa maji ya bahari.
- Mkasi mkali au wembe mpya.
- Leso kuukuu nyepesi, ufito mwembamba, kipande cha sabuni na majani ya mwarobaini.

## Wakati gani upande

Mombasa haina baridi ya kuua mrehani, kwa hivyo mwezi wowote unaota. Lakini miezi haifanani. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi, na miche michanga iliyo wazi huoza. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, jua ni kali na maji huwa ya kutafutwa. Mimi husia Agosti. Vuli ikianza Oktoba, mche tayari una mizizi ya kuyanywa maji hayo.

Ukiwa na harusi na unataka rehani yenye maua kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya rehani na asumini, hesabu wiki kumi hadi kumi na mbili kurudi nyuma. Mtu akija wiki nne kabla ya siku, hakuna mbolea ya kumwokoa. Anunue tu.

## Hatua ya 1: Pata mbegu au tawi

Njia nzuri kuliko zote ni tawi la jirani ambaye mrehani wake unaujua harufu yake. Mirehani haifanani. Upo wa majani mapana laini, upo wa majani madogo yenye ukali wa karafuu, upo wenye shina la zambarau. Harufu ile uliyoizoea kwenu usiitafute kwenye pakiti ya mbegu za kigeni.

Mbegu nyeusi zinazotiwa kwenye faluda nazo ni za jamii ya mrehani na huota, mradi si za zamani. Zipime kwanza: weka kumi kwenye karatasi laini yenye unyevu, funika na kisahani. Zikiota saba au zaidi ndani ya siku kumi, zisie. Usihadaike na kuvimba. Mbegu ya mrehani ikilowa huvaa utando wa ute wa kijivu hata kama imekufa zamani.

Ukitumia tawi: kata kilele kisichokuwa na maua, urefu wa sentimita 10 hadi 12, chini tu ya kifundo, pale majani yanapotokea kwenye shina. Ondoa majani ya chini, liweke tawi kwenye gilasi ya maji dirishani, mahali penye mwanga lakini jua halipigi. Badilisha maji kila siku, kwa sababu joto letu huyaozesha upesi. Mizizi hutoka kwa wiki moja hadi mbili. Ikifika sentimita 3, ruka hadi hatua ya 4 ulipande.

## Hatua ya 2: Tayarisha udongo wa kusia

Changanya mafungu mawili ya udongo mwekundu, fungu moja la mchanga na fungu moja la usumba uliochambuliwa. Hapa usitie samadi. Mbegu ina chakula chake cha siku za mwanzo, na samadi huleta ukungu.

Jaza karai, kisha mwagia maji yanayochemka kutoka kwenye birika, polepole, mpaka yatokee chini. Maji hayo hupunguza vimelea vya kinyaushi, maradhi yanayolaza miche usiku mmoja. Acha udongo upoe kabisa.

Ukiukamata mkononi na kuubana, ushikane, na ukiugusa kwa kidole uvunjike. Ukitoa maji kati ya vidole, umelowa mno. Ngoja hadi jioni.

## Hatua ya 3: Sia mbegu

Usiloweshe mbegu kabla. Utando ule wa ute utazishikanisha kama uji na utashindwa kuzitawanya. Zichanganye kavu na konzi ya mchanga mkavu, unyunyize juu ya udongo ulio na unyevu tayari. Funika kwa mchanga wa unene wa ukucha, usizidi. Zikizikwa ndani hazitoki.

Tandaza leso juu ya karai, uiweke mahali pa kivuli chenye hewa. Kazi yako sasa ni moja: udongo usikauke juu hata mara moja. Mbegu iliyokwisha kuvaa ute ikikauka, ute huganda na kijimche hufia ndani yake.

Usimwagie maji kutoka juu. Weka karai ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, kwa dakika kumi na tano, udongo uyanywe kutoka chini, kisha uyaondoe.

Dalili ya kufaulu: kati ya siku ya tano na ya kumi utaona vijani viwili vinavyotazamana, kila kimoja kikiwa na umbo la nusu ya shilingi. Ondoa leso siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili, miche itarefuka myeupe ikitafuta mwanga, na mche ulioanza hivyo haupati shina imara. Ipe jua la asubuhi, na kivuli kuanzia saa nne.

Ikishikana sana, punguza kwa mkasi, ibaki sentimita 3 kati yake. Usiing'oe, utavuta mizizi ya jirani zake.

## Hatua ya 4: Hamisha mche

Mche uko tayari ukiwa na jozi tatu za majani halisi na urefu wa karibu sentimita 10. Hamisha baada ya alasiri, upate usiku mzima wa kujituliza.

Udongo wa ndoo: mafungu mawili ya udongo mwekundu, moja la samadi, nusu ya mchanga, nusu ya usumba. Funika matundu kwa vigae vichache, udongo usitoroke. Chota mche na udongo wake kwa kijiko, ukiushika kwa jani. Jani likivunjika litaota jingine, shina likibonyea ndio basi. Ndoo moja, mche mmoja. Watu hupanda mitatu kwa tamaa, na yote mitatu hubaki mifupi.

Ukipanda ardhini, weka sentimita 40 kati ya miche. Lakini tahadhari: udongo wa kisiwani, hasa Mji wa Kale na popote palipobomolewa nyumba ya mawe, umejaa chokaa ya matumbawe. Mrehani hapo hutoa majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, na ukizidisha mbolea hali haibadiliki, kwa sababu chokaa huzuia mmea usipate madini ya chuma. Usishindane na ardhi hiyo. Panda kwenye chombo, au inua tuta la udongo mwekundu juu yake.

Ukinge mche na jua la mchana kwa siku tatu. Kisha uache.

## Hatua ya 5: Maji

Hapa ndipo nilipopoteza mirehani yangu ya kwanza, kumi na miwili, Kisauni. Nyumba ilikuwa na kisima, maji hayakuniishia, nami nikawa namwaga asubuhi na jioni. Majani yakaanza kuungua kingoni. Nikadhani ni kiu, nikazidisha. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliingia uani, akainama, akachota kwa ncha ya kidole ungaunga mweupe uliotanda juu ya udongo, akautia ulimini. "Mwanangu," akaniambia, "unaitilia chumvi kama samaki."

Kwa hivyo onja. Kabla ya kumwagia mrehani maji ya kisima, yaonje wewe. Ukihisi chumvi hata kidogo, mmea utaihisi zaidi, kwa sababu kila siku maji hukauka na chumvi hubaki. Visima vingi vya kisiwani na vya karibu na bahari vina chumvi, na kuchemsha hakuiondoi.

Maji matamu ya mfereji hayaji kila siku, na mtungi wa mkokoteni ni pesa. Njia ninazotumia ni hizi: maji ya mvua ya paani, ambayo hayana kifani, maji ya kuoshea mchele na mboga, kabla chumvi haijaingia, na kutandaza makumbi yaliyoloweshwa au nyasi kavu juu ya udongo, unene wa vidole viwili, yasiguse shina. Tandazo hilo peke yake litakupunguzia maji sana.

Ukiwa umekwisha kuitilia chumvi, iokoe hivi: ondoa ungaunga wa juu pamoja na sentimita moja ya udongo, kisha pitisha maji matamu mengi, karibu mara mbili ya ujazo wa ndoo, yatiririke chini na kwenda zake. Majani yaliyoungua hayaponi. Tazama yanayochipuka: yakitoka safi, umefaulu.

Kiasi gani? Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagia mpaka maji yachuruzike chini. Kukiwa na unyevu, acha. Wakati wa kaskazi itakuwa kila siku, wakati wa kusi pengine kila siku ya pili au ya tatu. Mwagia asubuhi, kwenye udongo, si kwenye majani. Majani yakilala yamelowa, ukungu hupata kazi.

Mrehani ukilegea saa saba mchana na kusimama tena magharibi, uko salama, unajikinga na joto. Ukiukuta alfajiri bado umelegea, chimba kidogo utazame. Udongo mkavu: upe maji. Udongo uliolowa na kunuka: mizizi inaoza, zibua matundu haraka na usitie maji mpaka ukauke.

## Hatua ya 6: Kata

Hatua hii ndiyo inayotenganisha ufito na kichaka, na ndiyo watu wanayoikataa. Mama mmoja alinishika mkono wenye mkasi, akaniambia nisimharibie mrehani wake. Ulikuwa na shina moja, majani kumi na mawili na ua. Mwezi uliofuata, mrehani huo haukuwepo.

Tazama shina kwa karibu. Majani hutoka mawili mawili, yakikabiliana, na kila jozi hugeuka upande tofauti na iliyo chini yake. Sasa sogeza macho kwenye kwapa, pale jani linapoungana na shina. Utaona vijani viwili vidogo mno, kama kichwa cha kiberiti cha kijani. Hilo ni tawi linalosubiri. Kilele kikiwepo, hulizuia lisikue. Ukiondoa kilele, matawi mawili ya kwapa zile huamka pamoja.

Mche ukifika sentimita 20 na kuwa na jozi tano au sita, hesabu kutoka chini jozi tatu. Kata juu ya jozi ya tatu, ukiacha nusu sentimita ya shina. Usikate katikati ya pingili, kisiki kirefu huoza. Wala usiache chini ya jozi mbili zenye majani mazima, mmea utakosa pa kutengenezea chakula.

Ndani ya siku saba hadi kumi utaona matawi mawili mahali pa shina moja. Yakifika jozi tatu kila moja, kata tena juu ya jozi ya kwanza au ya pili. Mawili huwa manne, manne huwa manane. Baada ya mara tatu, una kichaka, na sasa uache urefuke. Mrehani uliokatwa hivi hupata shina nene la kuubeba urefu wake.

Maua: shuke la maua likianza, utaona kilele kinabana, majani yake yanakuwa madogo na yanapangika kama mnara. Ukitaka majani, livunje wakati huo, kabla halijafunguka. Mrehani ukianza kuzaa mbegu huacha kutoa majani, shina linakuwa gumu kama ukuni, na harufu ya majani hubadilika. Ukitaka maua kwa kikuba, acha mashuke yafunguke nusu, uyakate na jozi mbili za majani. Usiache yakauke juu ya mmea, ila yale machache ya mbegu.

## Hatua ya 7: Upepo na chakula

Kusi ikivuma, mrehani mrefu hung'oka. Chomeka ufito kando ya shina, ufunge kwa utepe wa leso kwa mkunjo wa nane, si kamba ya nailoni inayokata.

Samadi, konzi mbili kwa ndoo kila mwezi, inatosha. Ukizidisha utapata majani makubwa yasiyonukia, na mrehani usionukia wa nini?

## Hatua ya 8: Wadudu na maradhi

Geuza majani utazame chini yake mara mbili kwa wiki. Huko ndiko wanakokaa.

Vidukari na nzi weupe: jani hujikunja, hushika utandu wa kunata, na sisimizi hupanda. Yeyusha sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, unyunyize chini ya majani jioni, na asubuhi uoshe kwa maji matamu. Rudia baada ya siku nne, kwa sababu mayai hayafi. Kwa wadudu wanaotafuna, ponda konzi ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita mbili, chuja, nyunyiza. Usivune kwa siku tatu baada yake.

Konokono wakubwa hutoka usiku wakati wa masika na humaliza mche mzima. Toka na tochi baada ya isha, uwaokote, mikono ikiwa na mfuko.

Mche mkubwa ukilegea tawi moja moja ilhali udongo una unyevu, na ukipasua shina ukaliona kahawia ndani, huo ni mnyauko. Hauna dawa. Ung'oe, tupa na udongo wake, osha ndoo, na usipande mrehani mahali hapo tena kwa miaka kadhaa.

## Hatua ya 9: Vuna

Vuna asubuhi umande ukikauka, au alasiri ikiwa vikuba vitafungwa jioni. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja.

Usiweke rehani kwenye friji. Baridi huyageuza majani meusi. Simamisha matawi kwenye gilasi ya maji, au yafunge ndani ya kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Yatafika magharibi yakiwa mabichi, tayari kukutana na asumini.

## Hatua ya 10: Weka mbegu

Mrehani si mti wa miaka mingi. Hata ukitunzwa vyema, ukizidi mwaka shina huwa gumu na majani hupungua. Chagua mmea wenye harufu nzuri kuliko yote, si ule mrefu kuliko yote, uuache mashuke matatu yakauke mpaka yawe kahawia. Nyuki huchanganya mirehani, kwa hivyo ukiwa na aina mbili, vunja maua ya moja wakati nyingine inaweka mbegu.

Kata mashuke siku ya jua, yafikiche kati ya viganja juu ya sinia, upepete makapi. Anika kivulini siku tatu, kisha zifunge kwenye karatasi, ndani ya chupa kavu, ukiandika mwezi. Nusu mpe jirani. Mvua ya Mei ikiozesha yako, utajua pa kwenda kuomba tawi.